Mabawa ya Upande wa Machweo

"Shikamoo, mzee," binti alisema, akapita.

"Marahaba," Fundi Mabawa aliitikia, na neno lilikuwa limeshamtoka ndipo akili ilipomfikia. Alikuwa amepiga magoti kwenye ujia wa ghorofa ya tano, anakaza bawaba ya mlango. Watu wanne walikuwa wametoka kwenye lifti wakiwa na kofia ngumu za njano, na walimpita kama mtu anavyoipita ndoo ya deki. Watatu hakuwajua. Wa nne alikuwa mwanawe wa mwisho, Kitinda, ambaye Jumapili iliyopita tu alikula naye meza moja na kumsaidia mama yake kuanika nguo juu ya paa.

Alibaki na bisibisi mkononi. Binti alikuwa ameshika ncha ya futikamba, uso ameuelekeza ukutani, na shingo yake, ambayo baba mtu aliijua tangu haijakaza, ilikuwa imekakamaa kama ya mtu anayengoja kuchomwa sindano.

"Mita thelathini na mbili nukta nne," akasoma kwa sauti ya kiofisi.

"Andika," akasema mpimaji mkuu, jamaa mnene mwenye kalamu sikioni.

Barua ilikuwa imefika wiki mbili nyuma. Wenye jengo wapya walikuwa wameamua kulivua mabawa yake na kulivisha vioo kuanzia chini hadi juu, na nyumba ya fundi iliyoko juu ya paa ingeondolewa. Kampuni ya wasanifu ilikuwa imeshapewa kazi. Kwamba Kitinda alikuwa mchoraji katika kampuni hiyo hiyo, barua haikusema. Wala Kitinda hakusema. Siku za kazi alikuwa akilala kwa shangazi yake, karibu na ofisi, na akiulizwa habari za kazi alikuwa akijibu, "Nzuri tu, baba, nachora."

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa kumi na nne na umri wa zaidi ya miaka sitini. Lilipojengwa, watu walikuja na watoto wao kulitazama, kwa sababu lilisimama juu ya nguzo kama mtu aliyekunja suruali avuke maji, na upepo ukapita chini yake. Na kwa sababu upande wake wa machweo ulikuwa na mabawa. Yalikuwa vibao vya alumini virefu kama milango, vimesimama wima mbele ya madirisha. Kila ghorofa ilikuwa na gurudumu la chuma mwisho wa ujia. Ukilizungusha, mabawa yote ya ghorofa hiyo yanageuka pamoja, yanalizuia jua na kuuachia upepo njia. Hapakuwa na kiyoyozi hata kimoja, na hakuna aliyekikosa. Kisha viyoyozi vikaja, magurudumu yakasahauliwa, na kwa miaka ishirini na minane mtu pekee aliyeyapaka grisi ni huyu aliyepiga magoti. Kati ya magurudumu kumi na manne, tisa yalikuwa bado yanazunguka.

Mpimaji mkuu alilifikia la ghorofa ya tano. Akalishika kwa mikono miwili, akavuta kwenda kulia. Halikutikisika.

"Samahani, bwana," Fundi Mabawa akasema, akiinuka, "hilo linaanza kwa—"

"Ngoja kwanza, mzee, kuna watu wanafanya kazi hapa." Hata hakugeuka. Akamwita mwenzake mwenye kifua kipana, wakalivamia wote wawili.

Gurudumu lile lilitaka lirudishwe kwanza kushoto, robo mzunguko, ili kufuli la ndani lifunguke. Aliyelibuni alilifanya hivyo makusudi, dhoruba isije ikayageuza mabawa yenyewe. Kitinda alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Fundi Mabawa alimtazama. Binti alilitazama gurudumu, akamtazama baba yake mara moja, haraka, kisha akatazama viatu vyake.

Ndani ya ukuta kitu kikalia kama mfupa unaovunjika. Mnyororo ukaanguka kwenye tundu lake, na huko nje bawa moja likabaki linapigapiga.

"Umeona?" mpimaji mkuu akasema, akifuta mikono. "Andika: mabawa yameganda, mfumo haufanyi kazi, ni hatari kwa wapita njia."

Na Kitinda akaandika.

*

Nyumba ya fundi ilikuwa juu kabisa, nyuma ya matangi ya maji: vyumba viwili na jiko, na ua mpana kuliko wa tajiri yeyote mjini, maana ua ulikuwa ni paa zima. Mkewe, ambaye jengo zima lilimwita Mama Chapa kwa ajili ya meza yake ya kuchapa barua na kutoa nakala kule chini kati ya nguzo, alipanda mapema siku hiyo. Alimkuta mumewe amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hajavua viatu.

"Unaumwa?"

"Nimesalimiwa."

"Basi huo ni ugonjwa mpya."

Akamsimulia. Mama Chapa alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akasema, "Atakuja leo hii. Na akija, wewe utanyamaza kama ilivyo desturi yako, na mimi nitasema maneno nitakayoyajutia wiki nzima. Kwa hiyo leo tubadilishane. Mimi nitanyamaza, wewe ndiye utasema."

Kitinda alifika saa kumi na moja. Hakupanda lifti, alipanda ngazi zote za ghorofa kumi na nne, na alitokea mlangoni jasho linamtiririka, anahema kama aliyefukuzwa.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Hii ya leo ni ya pili," baba akasema.

Binti akajibwaga sakafuni, mgongo ukutani. Mama Chapa alimletea maji, akayaweka, akarudi kukaa. Midomo yake ilikuwa imebanwa kama bahasha ya serikali.

"Niko kwenye majaribio, baba," Kitinda akaanza. "Miezi sita, umebaki mmoja. Siku kazi hii ilipoletwa mezani, mpimaji mkuu alisema jengo lina fundi mmoja mzee anayeongea na magurudumu. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka." Akanywa maji. "Ukishacheka mara ya kwanza, huwezi tena kusema kwamba huyo ni baba yako. Nilijiambia nitakuja kusema kesho. Kesho ikawa wiki."

Fundi Mabawa akakumbuka mapatano na mkewe.

"Kunisalimia kama mgeni, hilo nimelimeza," akasema. "Kazi ni kazi, na vijana wa siku hizi hawazipati kwa urahisi. Lakini uliliangalia lile gurudumu, Kitinda. Ulijua. Ukawaacha walivunje, halafu ukaandika kwamba limekufa. Mimi ni baba yako, nitakusamehe hata kwa kikombe cha chai. Lile gurudumu litakusamehe kwa lipi?"

Binti akaficha uso magotini. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Sasa naruhusiwa kusema?" Mama Chapa akauliza.

"Sema."

"Kesho asubuhi utakwenda kwa mkubwa wako, umwambie ripoti ile ni ya uongo na umwambie kwa nini. Wakikufukuza, mimi nina meza kule chini na mashine mbili. Watu bado wanaandika barua, hatutalala njaa." Akainuka kuwasha jiko. "Na uniletee hiyo ripoti niione. Nina hakika hata imechapwa vibaya."

*

Hawakumfukuza. Badala yake Msanifu mwenyewe, mwenye kampuni, alikuja Jumamosi asubuhi akiwa na Kitinda peke yake. Alikuwa mtu mrefu, shati limenyooka pasi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekasirishwa na ambaye bado hajaamua amkasirikie nani.

Fundi Mabawa alikuwa anawangoja chini, kati ya nguzo. Alikuwa amevaa shati lake la kuendea harusi za watu.

"Msanifu," Kitinda akasema, sauti ikimtetemeka kidogo lakini imetoka, "huyu ndiye fundi wa jengo. Ni baba yangu mzazi."

Msanifu alimtazama huyu, akamtazama yule. Pua zilikuwa zile zile, hakukuwa na la kubisha. "Hilo nalo halimo kwenye ripoti," akasema.

"Halimo."

"Twende."

Fundi aliwapeleka ghorofa ya tisa. Wapangaji hawakuwepo; ujia ulikuwa mtupu na unanuka dawa ya sakafu.

"Lishike kama usukani," akamwelekeza Msanifu. "Usilivute. Kwanza lirudishe nyuma, robo tu. Hili lina adabu zake. Haliendi mbele kabla halijakupisha."

Msanifu akalirudisha. Ndani ya ukuta pakalia *tak*, mlio mdogo, safi. Kisha gurudumu likaenda, jepesi kama la cherehani, na huko nje mabawa ishirini na sita yakageuka pamoja kama watu walio kwenye foleni wakisikia jina linaitwa. Mwanga ukateleza sakafuni, ukapanda ukutani, ukafifia. Upepo ukaingia ukafunua karatasi kwenye ubao wa matangazo.

Msanifu alilizungusha mbele, akalirudisha, akalizungusha tena. Mara ya tatu alikuwa amesahau kuwa wapo watu.

"Nani alikufundisha haya?"

"Fundi aliyenitangulia. Yeye alimwaga zege la jengo hili angali kijana. Alinihadithia kwamba aliyelichora, kabla hajapiga mstari hata mmoja, alileta kiti kwenye kiwanja kitupu akakaa. Jua likihama, naye anahamisha kiti, anaandika. Siku nyingi. Vibarua walidhani ni mgonjwa, wakawa wanampelekea maji."

Msanifu akacheka, mara ya kwanza. "Chuoni nilichora jengo la namna hii. Nilipata alama ya juu kuliko wote darasani. Kisha nikaanza kazi, na tangu hapo nachora vioo." Akaegemea dirisha. "Bodi inakaa Alhamisi ya pili kuanzia leo kupitisha mchoro. Ghorofa ngapi zinazunguka?"

"Zilikuwa tisa. Wenzako walipopita zikabaki nane."

"Nane kati ya kumi na nne ni jengo bovu, mzee. Siwezi kusimama mbele ya bodi na jengo bovu nikawaambia waache vioo."

"Nipe mpaka hiyo Alhamisi."

Msanifu alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. Walipofika kwenye lifti akasema, bila kumtazama machoni, "Ila nyumba yenu ya juu, hiyo siwezi kuitetea. Kanuni za moto zinataka paa liwe wazi, watu wapate pa kukimbilia. Mabawa yabaki yasibaki, nyumba itaondoka. Nakwambia sasa, usije ukafanya kazi ukidhani unaiokoa."

Watoto wanne wa Fundi Mabawa walikuwa wamejifunza kutembea juu ya paa lile. Kitinda alifungua mdomo, baba yake akamgusa kiwiko.

"Tulikuwa tunazungumza habari ya mabawa," akasema.

*

Ghorofa sita, siku kumi na mbili. Fundi aliomba ruhusa ya kuacha kazi nyingine zote, akaingia ndani ya kuta. Alichokonoa kutu kwa brashi ya waya, akaloweka minyororo kwenye mafuta ya taa, akatupa beringi zilizooza na kutafuta nyingine kwa wauza vyuma chakavu. Goti lake la kulia likavimba likawa kama papai. Kitinda alitoka ofisini saa kumi na kuja moja kwa moja, akivalia ovaroli ya baba yake iliyokunjwa miguuni mara tatu. Mama Chapa alikuwa akipanda kila wateja walipopungua, akikaza nati huku analalamika, na akirudi kwenye meza yake anaacha dole gumba la grisi kwenye barua za watu.

Mwanamke anayesafisha ngazi, aliyefanya kazi hapo miaka tisa, alisimama siku moja akatazama. "Fundi, na mimi nisaidie? Mikono ninayo."

"Acha tu, dada. Utaharibu."

Mwanamke akachukua fagio lake akaenda. Mama Chapa alimkata mumewe jicho, lakini nati ilikuwa mdomoni, hakusema.

Shida kubwa haikuwa kutu. Ilikuwa Wakili wa ghorofa ya sita. Alikuwa ameziba mwisho wa ujia kwa mbao, akafanya chumba cha mafaili, na gurudumu likawa ndani yake, anatundikia koti.

"Haiwezekani," aliwaambia, miwani puani. "Mafaili haya ni siri za wateja. Nileteeni amri ya mahakama."

Fundi akaanza kurudi nyuma. Mama Chapa akamshika mkono asirudi.

"Wakili, kaka yangu," akasema kwa upole uliomtisha hata mumewe, "nimekuchapia hati zako miaka kumi na mmoja. Kila 'madai' uliyoandika 'madahi', nimeirekebisha. Ile hati uliyomwita mbunge wa zamani 'mheshimiwa mbuzi', niliikamata mlangoni tayari inapelekwa. Siri za wateja ninazijua. Na za kwako ninazijua. Nimewahi kusema?"

Wakili alivua miwani. Akaifuta kwa tai. "Hujawahi."

"Basi tutoe mafaili taratibu, kwa mpangilio, na jioni tutayarudisha."

Wakili aliyatoa yeye mwenyewe, mikono ya shati imekunjwa. Gurudumu lilipozunguka kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi na upepo ukampiga usoni, alisimama palepale ameshika faili lenye kichwa *Ugomvi wa Mpaka*, akasema, "Kumbe dirisha hili linafunguka?" Siku iliyofuata alikuwa ameshabomoa zile mbao.

Jumatano jioni ghorofa kumi na tatu zilikuwa zinazunguka. Ya kumi na moja ilikataa. Huko kutu haikula mnyororo wala beringi, ilikula mhimili wenyewe; ukiugusa unamegeka kama andazi kavu. Fundi Mabawa aliupigapiga kwa ngumi, mara mbili, akakaa chini.

"Kumi na tatu, baba," Kitinda akamwambia.

"Niliahidi kumi na nne."

"Hukuahidi. Ulisema upewe mpaka Alhamisi."

*

Bodi ilikuja saa tisa alasiri, saa ambayo jua la mji ule halina huruma. Walikuwa watano. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye umri wa kuitwa bibi, viatu vyake vya kisigino kifupi, mkoba mkubwa begani, na desturi ya kutowaitikia watu kwa kichwa wakizungumza. Aliwaangalia tu mpaka wamalize wenyewe.

Kitinda ndiye aliyewaongoza. Msanifu alikuwa amemwachia, akisema aliyeandika ripoti ya kwanza ndiye aandike ya pili. Kwanza aliwapeleka ghorofa ya kumi na moja, viyoyozi vimezimwa.

"Hii ndiyo tuliyoshindwa," akasema. "Mabawa hayageuki."

Walikaa humo dakika kumi. Mjumbe mmoja alilegeza tai. Mwingine alijipepea na ajenda. Mwenyekiti alifuta shingo kwa leso, akatazama kipimajoto Kitinda alichokiweka mezani: thelathini na tatu.

Kisha wakashuka ghorofa ya sita. Viyoyozi humo pia vilikuwa vimezimwa. Mabawa yalikuwa yamegeuzwa nusu, mwanga unaingia laini kama umechujwa, na upepo unapita kutoka madirisha haya hadi yale. Wakili, aliyekuwa amevaa tai mpya kwa tukio hilo, aliwakaribisha kana kwamba alilijenga jengo yeye.

Mwenyekiti akasimama katikati ya chumba. "Kiyoyozi kiko wapi?"

"Kipo, mama. Kimezimwa tangu asubuhi," Kitinda akajibu, akamwonyesha kipimajoto. Ishirini na nane.

Mwenyekiti alivuta kiti akakaa. Mpimaji mkuu, aliyekuja na makaratasi ya mchoro wa vioo, aliyahamisha kutoka kwapa hili hadi lile.

"Nani anayageuza?" Mwenyekiti akauliza.

"Baba yangu," Kitinda akasema, na safari hii sauti haikutetemeka. "Yule pale."

Fundi Mabawa alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Mwenyekiti alimgeukia.

"Hongera, fundi. Sasa nijibu moja tu. Ukiumwa kesho, nani atayageuza?"

Lilikuwa swali dogo. Alilitafutia jibu, na macho yake yakiwa yanatafuta, yakakutana na yule mwanamke wa ngazi, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu na fagio lake kusikiliza hatima ya jengo. Fundi akasikia masikio yanawaka moto. Angeweza kusema Kitinda. Angeweza kusema yupo mtu.

"Hakuna, mama," akasema. "Nilitakiwa kufundisha watu, sikufundisha. Kuna aliyeomba kujifunza nikamfukuza. Niliyafanya yangu."

Kitinda alifumba macho. Msanifu akakohoa.

"Mimi sinunui kitu kitakachozikwa na mtu," Mwenyekiti akasema, si kwa ukali.

"Na hujakosea, mama. Lakini hayakutengenezwa kwa ajili ya fundi. Magurudumu yamewekwa kwenye ujia, kimo cha kifua, ili yeyote anayekaa ghorofa hiyo ayageuze akihisi joto. Yaliwekwa kwa ajili ya watu wote. Nipe mwezi mmoja. Kila ghorofa itakuwa na watu wawili wanaojua, na wa kwanza ni dada yule pale mwenye fagio, akikubali kunisamehe."

Watu wote wakageuka. Yule mwanamke akashika fagio kwa mikono miwili. "Mimi nilishajifunza," akasema. "Nilikuwa nakuchungulia. Ni kurudisha kushoto kwanza, si ndiyo?"

Mwenyekiti alicheka mpaka mkoba ukamteleza begani.

*

Kikao kilichukua saa moja na nusu, mlango umefungwa. Fundi Mabawa alingoja juu ya paa, akizunguka matangi. Lakini habari haikutokea mlangoni. Katibu wa bodi alishuka chini na karatasi ya maazimio, anataka nakala saba. Mama Chapa alitoa nane.

Ile ya nane ilipanda na lifti, imekunjwa ndani ya blauzi, na Mama Chapa aliisoma kwa sauti akiwa bado hajafika mlangoni. Mabawa yabaki. Ghorofa ya kumi na moja itengenezewe mhimili mpya. Vioo viwekwe kwenye mnara wa ngazi tu. Fundi aendelee na kazi, afundishe. Na nyumba ya paa iondolewe ndani ya siku sitini.

"Siku sitini," Fundi akarudia.

"Nimesoma yote, umesikia hiyo tu?"

"Nimesikia yote." Akamshika mkono, ule wenye grisi kwenye kucha. "Nilikuwa nahesabu ya mwisho kwa sababu ndiyo yetu. Zile nyingine ni za jengo."

Mama Chapa alitazama kamba za nguo, na jiko, na ua wao mpana. Alivuta makamasi mara moja, kwa nguvu. "Nimechoka kuanua nguo zilizopeperushwa mpaka benki," akasema. "Tutafute pa chini chini."

Walipata vyumba viwili ng'ambo ya barabara, ghorofa ya pili, vyenye baraza nyembamba mbele. Kuhama kulifanyika Jumapili, na watu walikuwa wengi kuliko vyombo. Mwanamke wa ngazi alibeba masufuria. Wakili alivuka barabara na godoro kichwani, tai shingoni, akiwaambia madereva wasimame kwa mujibu wa sheria. Kitinda, ambaye majaribio yake yalikuwa yamekwisha na barua ya ajira anayo, alibeba meza, akaivunja mguu mmoja kwenye ngazi, na mama yake akamwambia aandike ripoti, na asiseme mguu ulikuwa umeganda.

Jumatatu Fundi Mabawa alitoka kazini saa kumi na kufika nyumbani saa kumi na dakika tatu. Hakujua afanye nini na muda uliobaki. Akatoa kiti barazani. Mama Chapa alikuwa ameshafunga meza yake mapema, akatoa cha kwake. Kitinda alikuja na chai, akakaa kizingitini.

Mbele yao jengo lilisimama lote, kutoka kwenye nguzo hadi kwenye matangi. Miaka ishirini na minane alikuwa ndani yake au juu yake, saa hii kila siku mikono ikiwa kwenye gurudumu na pua ukutani, anayasikia mabawa yakigeuka kwa nje bila kuyaona.

Saa kumi na nusu ghorofa ya sita ilianza. Ilikuwa lazima Wakili awe wa kwanza. Mabawa yake yakageuka, yakameta mara moja, yakatulia. Ikafuata ya tatu. Kisha ya tisa na ya kumi kwa pamoja, kama waliopigiana simu. Ya kumi na mbili iligeuka, ikazidisha, ikarudi kidogo. Mwanga ulikuwa ukipanda na kushuka usoni mwa jengo, na watu wawili barabarani, waliokuwa wanapita na mifuko yao, wakasimama kutazama juu.

"Ya nane wamechelewa," Fundi akasema, akainuka nusu.

"Kaa," Mama Chapa akamwambia. "Watajifunza."

Akakaa. Ya nane ikasitasita, kisha ikageuka yote, taratibu, bila kukwama popote. Hakuna mkono wake hata mmoja uliokuwemo.

"Ni kubwa hivi?" akauliza, hakuna aliyejua anamwuliza nani.

Kitinda alimtazama baba yake kutoka kizingitini. "Baba, macho yako."

"Ni jua," akasema, akijifuta kwa mkono wa shati.

"Jua liko mgongoni mwetu," Mama Chapa akasema, na akamsogezea kiti chake.